Mama Alitaka Nyekundu

Utepe wenyewe ulikuwa wa plastiki, mrefu wa kumzunguka mtu mzima kiunoni, na ulikuwa na rangi tatu: kijani mwanzoni, njano katikati, nyekundu mwishoni. Watu wa serikali waliuleta kwenye dispanseri yetu, huku juu Masisi, kwa gari ya jipu iliyotoka Goma ikiwa na matope mpaka kwenye vioo. Walisema serikali imeona watu wa nchi wanaanza kunenepa kupita kiasi, na unene huo unaleta sukari, presha na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo kuna kampeni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Nakumbuka sikuwaza kitu. Miaka hiyo sikuwa mtu wa kuwaza sana. Ukikimbia vita na kurudi, ukakimbia tena na kurudi, kichwa kinachoka kushangaa.

Kazi yangu ni kupima watoto. Mimi si muganga. Muganga tunaye mmoja, papa, yaani baba mtu mzima, mrefu mwenye sauti ya chini, na yeye njo anatoa dawa. Mimi namvalisha mtoto utepe mdogo kwenye mkono, hapa kati ya bega na kiwiko, kisha nasema rangi. Na utepe ule mdogo una rangi zilezile tatu. Kijani, mtoto ni mzima. Njano, mama anarudi nyumbani na mashauri: umpe uji, umpe maharagwe, urudi baadaye tuone. Nyekundu, mtoto amekonda kwa njaa, mama anapewa sasheti za karanga iliyosagwa, anazifunga kwenye kitenge na kuondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Kila mwanamke wa vilima hivi anajua hayo. Mwamshe usingizini umwulize nyekundu maana yake nini, atakujibu ni kupewa.

Sasa hao wakubwa waliochukua rangi zilezile na kuzigeuza, nyekundu ikawa ya mtu aliyeshiba kupita kiasi, sijui walikuwa wamekaa wapi. Labda huko waliko hakuna mtoto aliyewahi kupimwa mkono.

Kampeni ilianzia kwenye radio, halafu ikaingia kanisani, ambako pasta alipewa maneno ya kusoma baada ya matangazo ya ndoa. Mandazi na juisi za unga zisiuzwe tena kwenye mlango wa shule. Soda iongezewe kodi. Hilo hatukulijali, kwa sababu soda huku inafika kwa nadra, na ikifika imekwisha kulipiwa kwenye kila kizuizi cha barabara. Mafuta yapunguzwe, chumvi ipunguzwe. Na kila mtu mzima atembee nusu saa kwa siku. Hapo kanisa zima lilicheka, hata pasta mwenyewe. Nyuma yangu alikaa mama mmoja ambaye jana yake alikuwa ameteremsha gunia la viazi mgongoni mpaka barabarani, akauliza kwa sauti kama serikali inapenda atembee na gunia ao bila gunia. Aka, watu hawa.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namtazama mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele.

Mama alikuwa mnene. Nasema wazi, kwa sababu huku kwetu neno hilo si tusi. Alikuwa mnene wa kujaza benchi, na unene huo aliutafuta. Tuliporudi kutoka Walikale alikuwa amebaki mifupa na macho, na watu walimpokea kwa kunong'ona, maana mtu akikonda huku wanasema ama ni njaa ama ni ule ugonjwa. Mama akaapa kwamba hawatamwona hivyo tena. Alirudia shamba la baba yake pale mteremkoni, akalima maharagwe na viazi, akabadilishana viazi na majirani wetu wafugaji, wao wakamletea mashanza, yale maziwa mazito ya kuganda. Alikula mpaka mwili ukarudi na kuzidi. Akienda soko la Sake, waliomjua zamani walimshika mikono miwili na kumwambia: Mama, umenona! Jioni ananisimulia nani alisema na nani alisikia. Nilimpenda sana akisimulia hivyo.

Huko Walikale tulikuwa tumekaa Ntoto. Tulifika kwa miguu kupitia msituni, mama, mimi, na mdogo wangu ambaye alikuwa bado hajashika vizuri kutembea. Baba alikuwa amekwenda Omate kuchimba dhahabu, na tangu Omate hatukupata habari yake tena. Watu wa Ntoto walitupa muhogo na sombe, majani yake, wakatupa na mahali pa kulala. Siwezi kuwasema vibaya. Lakini mtoto alikuwa anakauka. Siku moja wakaja watu wa kupima mikono. Yule aliyempima mdogo wangu alivalisha utepe, akatazama, akasema njano. Mama naye alitazama. Nyekundu ilikuwa palepale pembeni, upana wa ukucha.

"Vuta kidogo, kaka," mama alimwambia. "Vuta tu kidogo."

Yule mtu akasema hairuhusiwi, utepe ukivutwa unasema uongo. Alisema kwa heshima, simlaumu. Mama akarudi na mashauri yake: uji wenye karanga, yai. Karanga ya wapi, yai la nani? Watu wale walipopita tena kupima, sisi hatukuwa tena na mkono wa kupima.

Mama hakulizungumza jambo hilo. Ila nilipoanza kazi ya dispanseri, kila nikirudi nyumbani aliniuliza wa nyekundu leo walikuwa wangapi, na kama wote walipewa. Nikisema walipewa, anaitikia na kuendelea kupepeta maharagwe. Habari za njano hakuuliza hata siku moja.

Mwaka ule wa kampeni, jipu ikiwa haijafika bado, mama alianza kunywa maji bila kushiba. Anakunywa, anatoka nje kukojoa, anarudi kunywa. Kidonda kwenye kidole cha mguu, alichojikata na jembe, kilikataa kupona. Na nyuma ya nyumba, pale alipokuwa anajisaidia, sisimizi walijaa mpaka ukipita wanakupanda miguuni. Nilimweleza muganga. Akasema anafikiri ni sukari, lakini kufikiri si kupima, na dispanseri haina kipimo wala dawa yake. Vyote viko hospitali kubwa kule chini, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano.

Kwa hiyo jipu ilipokuja na vipimo vya damu ndani yake, nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, kwa sababu kubwa sikuwa nazo tena, lakini niliisikia. Kitu nilichokuwa nakitafuta kwa ajili ya mama yangu kilikuwa kimefika chenyewe mpaka mlangoni.

Sheria ya kampeni ilikuwa hii. Mtu akitoka nyekundu atatobolewa kidole, tone la damu lipimwe, na sukari ikiwa juu apewe vidonge vya kuanzia. Njano apewe mashauri. Kijani apigiwe makofi. Aliyetuelezea alikuwa papa wa kampeni, mkubwa wao, mtu mpole wa koti la mvua, ananukia sabuni. Alisema vipimo ni vichache na nchi ni kubwa. Muganga alimwomba kipimo kimoja pembeni, kwa ajili ya mama mmoja mwenye dalili zote. Papa wa kampeni alijibu kwamba kila kipimo lazima kiwe na nyekundu yake, la sivyo Kinshasa watauliza. Muganga akaniangalia. Nikamwambia hakuna shida, mama yangu ni mnene, atatoka nyekundu bila kuombewa.

Siku ya kupima, wanawake walikuja kwa wingi, na wote walikuwa wamevimba. Walikuwa wamevaa kitenge juu ya kitenge juu ya kitenge. Mmoja, mwembamba ninayemjua tangu utoto, alikuwa amejifunga blanketi la mtoto tumboni, anatembea kwa kujivuta kama mwenye mimba ya miezi yote. Walikuwa wamesikia kuna utepe na kuna nyekundu, na hayo mengine ya unene na moyo yaliwapita. Tulipowaambia wafungue vitenge, walikasirika wakasema tunawanyima. Wanawake wawili watatu waliotoka nyekundu kwa haki yao walipigiwa vigelegele, na walipomaliza kutobolewa kidole walibaki wamesimama na mikono mbele, wakingoja sasheti. Papa wa kampeni akawaambia wapunguze kula. Mke wa mwalimu wa kwaya akamwuliza kama ni serikali ndiyo iliyokuwa inampikia mpaka leo ije kumpunguzia.

Mama hakuvaa vitenge vingi siku hiyo. Aliuamini mwili wake. Alikuja na kile kimoja cha kanisani, akajifungua mbele yangu, akainua mikono. Nilipomzungushia utepe nikaona mwili umelegea, kuna nafasi ambayo zamani haikuwako. Nikalegeza utepe, kidogo, ukagusa nyekundu. Papa wa kampeni alikuwa nyuma yangu. Akanyoosha mkono, akaurekebisha mwenyewe taratibu, akasema usilegee na usibane, ulale tu juu ya ngozi. Ukalala juu ya ngozi.

"Ni rangi gani?" mama akaniuliza.

"Njano, Mama."

Papa wa kampeni akaanza kumpa mashauri ya mafuta na chumvi. Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nikamfunga kitenge chake, nikaita mwingine.

Jioni alikuwa jikoni anachochea moto. Halafu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Njano njo nilizika nayo mutoto. Wakirudia, miye nitakuwa nyekundu."

Nilimweleza. Nilimwambia utepe huu si ule, kwamba kwa huu nyekundu ni mbaya, kwamba kula kupita kiasi kunaongeza sukari yenyewe. Muganga naye alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti kifupi, akamweleza vilevile kwa sauti yake ya chini. Mama alitusikiliza wote wawili vizuri kabisa. Akatuuliza: nyekundu anapimwa damu, ndiyo ao hapana? Ndiyo. Anapewa dawa? Ndiyo. Na njano anapewa nini? Anapewa mashauri. Akafungua mikono yake miwili, akatuonyesha kwamba mambo ni hayo. Muganga aliinamisha kichwa. Mama alikuwa ameielewa kampeni kuliko sisi.

Basi akala. Huku kwetu mwanamke akijifungua, wenzake wanampikia mpaka apate nguvu, kila mmoja na siku yake, na mama aliwaambia wanawake wa kwaya kwamba anatafuta nyekundu, kwa hiyo walimpikia kama mzazi. Walileta bugali na maharagwe yaliyojaa mawese, wakaleta viazi, wakaleta musururu, kile kinywaji cha mtama, uliotiwa sukari. Majirani wafugaji wakaleta mashanza asubuhi, hawakutaka viazi vya kubadilishana. Watu walimpenda. Nilikuwa napokea sahani mlangoni, nasema asante, nazibeba ndani. Angekataa kula ningemlazimisha? Angekula ningemnyang'anya? Sikufanya moja wala jingine, nilibeba sahani.

Na alikuwa anakonda.

Alikula akakonda, akala zaidi akakonda zaidi. Mashavu yalishuka. Mikono ilibaki ngozi, kitenge cha kanisani kikawa kinamzunguka mara ambazo zamani hakikuweza. Muganga alinieleza kwamba sukari ikikomaa ndivyo inavyofanya, chakula kinapita tu kama maji kwenye kapu, na mwili unaanza kujila wenyewe. Wanawake waliacha kumwambia umenona. Waliacha pia kumtazama usoni, na yeye aliona. Soko la Sake hakwenda tena. Alisema barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya, lakini tulijua sote kwamba si barabara.

Jipu ilirudi baada ya mavuno ya viazi. Safari hii walikuja na mtu wa kupiga picha. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amefika tangu ukungu haujaondoka, amekaa juu ya jiwe, amevaa mavazi mengi. Nilimwona kwa mbali nikadhani ni mtu mwingine, mnene.

Akaja mbele yangu. Papa wa kampeni alikuwepo, akaniambia mama afungue. Nikafungua kitenge cha kwanza, kile cha kanisani. Chini yake kulikuwa na kingine. Nikafungua. Kingine tena. Nikafungua na kuviweka mkononi mwangu, vikanijaa mpaka kidevuni, na mama alikuwa ameinua mikono tu na kutazama mlima. Chini ya vyote alikuwa amejizungushia shuka la kitanda, limekunjwa vizuri, limeshikwa na pini. Nikatoa na hilo. Halafu akabaki yeye. Nilimzungushia utepe ukalala juu ya ngozi, na sikuhitaji kusogeza jicho mbali na mwanzo wake.

"Ni nyekundu?" akaniuliza.

"Kijani, Mama."

"Kijani njo nini?"

"Njo mutu muzima."

Papa wa kampeni alikuwa amemkumbuka. Alisema kwa furaha, na ilikuwa furaha ya kweli, kwamba mama huyu mara ya kwanza alitoka njano, akapokea mashauri, na tazameni leo. Akaanza kupiga makofi. Wale waliotoka naye Goma wakapiga, na wanawake kwenye foleni, kwa kuwa mkubwa anapiga, wakapiga pia. Mtu wa picha akasogea. Nilimwambia papa wa kampeni kwamba huyu ni mama yangu, hajapungua kwa mashauri, anakwisha, ampime damu tu, tone moja. Muganga akaja akasema vilevile, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti. Papa wa kampeni alitusikiliza kwa upole. Akasema anaelewa wasiwasi wa mtoto kwa mama yake, lakini kijani ni kijani, hawezi kumtoboa mtu mzima na kumnyima mgonjwa. Akatuonyesha utepe, kana kwamba sisi hatuuoni.

Mama alishusha mikono. Akachukua shuka lake kutoka kwangu, akajifunika mabega.

"Basi wananirudisha tena," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Tulimpeleka hospitali mara barabara ilipofunguliwa kidogo. Wanaume wa kilima walimbeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti, kwa zamu. Nilitembea pembeni nikiwa nimeshika mguu wake, ule wenye kidonda. Alifia njiani, mahali ambapo barabara inaanza kuteremka na unaliona bonde lote na ng'ombe wake. Wanaume wakasimama, wakageuza kipoyi, tukarudi. Mmoja wao, kwa kutaka kunifariji, aliniambia wasingechoka, mama hakuwa mzito kabisa. Nilimshukuru.

Sikulia. Watu waliningoja nilie, walinitazama kwenye matanga, dada za mama wakanipiga kifuani ili machozi yatoke. Hayakutoka. Mpaka leo hayajatoka, na nimeacha kuyangoja.

Baada ya matanga, asubuhi moja nilikuwa namenya viazi jikoni na radio imewashwa. Ikaja sauti ya papa wa kampeni. Alikuwa anaeleza jinsi kampeni inavyofanikiwa, hata kwenye vilima vya mbali, na akasema habari za mama mmoja wa Masisi ambaye kwa kufuata mashauri tu, bila dawa yoyote, alitoka njano akafika kijani, mfano kwa akina mama wa nchi nzima. Hakutaja jina, kwa sababu hakuwa ameliuliza. Sikuzima radio. Nilimaliza viazi, nikanawa mikono, nikaenda kazini.

Siku hiyo tulikuwa tunapima watoto. Walikuwa wengi, kulikuwa na watu wapya waliokimbilia kwetu kutoka upande wa Walikale. Mama mmoja kijana, miguu yake bado na matope ya safari, akaniwekea mtoto magotini. Nilimvalisha utepe. Njano. Nyekundu ilikuwa palepale pembeni, upana wa ukucha. Yule mama hakuomba, alikuwa ametazama mikono yangu tu.

Nikavuta kidogo.

"Nyekundu," nikamwambia muganga.

Muganga aliinua macho. Aliutazama mkono wa mtoto, akautazama utepe ulivyokaza ngozi, akanitazama mimi. Halafu akafungua sanduku na kuanza kutoa sasheti.